Fundi wa Mwembe Tayari aliyeinyamazisha mashine yangu ya santuri

Kama mashine yako ya santuri inavuma mmmm hata kabla sindano haijashuka, usikubali kuuziwa sindano mpya. Mimi niliuziwa, na duka lililoniuzia silitaji. Mvumo ulibaki palepale. Sindano isiyogusa kitu itavumaje?

Ndipo shemeji akanielekeza kwa mzee mmoja wa redio, Mwembe Tayari, Mombasa, uchochoro wa nyuma. Kibanda hakina bango. Utakijua kwa maiti za redio zilizopangwa hadi darini. Nikaanza kumsimulia tatizo langu, akanikatiza: "Mwanangu, usinieleze. Iwashe niisikie."

Hapo ndipo nilipompenda. Mafundi wengi hushika bisibisi kwanza. Huyu alivaa spika za masikioni, maana nje tuktuk hazina adabu, akainua mkono wa sindano na kufungua sauti ya amplifaya. Mvumo. Akagusa mkono wa chuma kwa kidole, mvumo ukapungua. Akaachia, ukarudi. "Ethi," akasema, yaani waya wa ardhi, na bado hajafungua hata skrubu moja. Alipogeuza mashine, ule waya mwembamba unaotakiwa kufungwa kwenye skrubu ya GND (ndiyo hiyo ethi) nyuma ya amplifaya ulikuwa umekatwa, imebaki ncha tu. Mtu aliukata zamani, labda akidhani hauna kazi kwa kuwa hauendi kwenye spika. Mzee akalehemu waya mpya, akaufunga, na mvumo karibu wote ukaisha. Uliobaki uliisha aliposogeza mashine mbali na amplifaya, upande usio na transfoma.

Nilimuuliza kwa nini redio haivumi hivyo kwenye amplifaya hiyohiyo. Akanieleza kwa subira. Katriji, kile kichwa kidogo kinachoshika sindano, hutoa milivolti chache tu, tatu mpaka tano hivi, kwa hiyo tundu la PHONO, lile la amplifaya linalochomekwa mashine ya santuri, hulazimika kuzikuza sana. Tena santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa, na amplifaya huirudishia. Pale kwenye hezi 50, ambayo ndiyo hezi ya umeme wetu, huongezwa takriban desibeli 17 kuliko sauti za kati. Kichafu kidogo cha umeme kikipenya hapo, kinatoka jitu.

Mvumo ulipokwisha, ikajitokeza ngurumo iliyokuwa imejificha chini yake. Hii husikika tu sahani inayobeba santuri ikizunguka, hasa katikati ya wimbo na wimbo. Akaondoa sahani, akafuta mafuta ya zamani yaliyoganda kama gundi kwenye beringi, akatia tone la mafuta ya cherehani. Mkanda wa mpira unaoizungusha nao ulikuwa umelegea. Hakuwa nao, akapima kwa uzi na kuniambia ningoje. Nilingoja sana. Kila nikipiga simu mkanda "uko njiani", na njia hiyo sijui ilipita wapi. Ulipofika ulikuwa saizi yenyewe, lakini kama una haraka, agiza mwenyewe.

Kilio cha tatu hakukigusa wala hakunitoza. Nyumbani, nikizidisha sauti, spika zilianza kuguruma zenyewe kwa besi isiyo kwenye wimbo. Akaniambia nishushe sindano juu ya santuri iliyosimama, nifungue sauti, nigonge meza kwa ncha ya kidole. Nikisikia dum kwenye spika, basi meza inapeleka mtikisiko kwenye sindano, nao unarudi tena kwenye spika. Nikasikia dum. Spika sasa ziko sakafuni, mashine imebaki mezani peke yake. Fundi mwingine angeniuzia kitu hapo.

Anapopwaya ni kwenye santuri za 78, zile za zamani zinazozunguka mara 78 kwa dakika. Ami yangu aliniachia sanduku lake, zile nzito zinazovunjika kama sahani ya udongo, za enzi ambapo waimbaji wetu walisafirishwa kwenda kurekodi Bombay, kama Siti binti Saad mwaka 1928. Mashine yangu ina mwendo wa 78, lakini zilikuwa zikichakacha hadi sauti ya mwimbaji haisikiki. Mzee alijua sababu: mfereji wa 78 ni mpana, unataka sindano ya maikroni 76 hivi, na ya LP, santuri za plastiki zilizokuja baadaye, ni kama maikroni 18, kwa hiyo inatambaa chini kabisa kwenye vumbi badala ya kukaa kwenye kuta. Kujua alijua, lakini sindano yenyewe hana na hajui pa kuipata. Nililetewa na jamaa kutoka Dubai. Hata hivyo alinipa onyo la maana: 78 zisifutwe kwa spiriti kamwe, inayeyusha ile shelaki, utomvu zilizotengenezwa nao. LP nazo huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, karatasi ya katikati isilowe.

Risiti hatoi. Ijumaa usiende kabla ya alasiri. Meza yake ina vumbi la kutosha kuharibu kila alichokisafisha, basi funika mashine yako na kitambaa ukiiacha kwake. Kazi yote ilinigharimu shilingi 1,800, mkanda mbali, na kabla ya kuanza alinitajia bei kwa kila kelele peke yake, nichague ipi iondolewe.

Ukienda, beba amplifaya yako na waya zake zote. Mashine bila amplifaya hapokei.