Covasim: chanjo inaijua, kafyu haiijui

Nafundisha takwimu chuo kimoja hapa Mombasa, na Covasim, inayoiga kwa kompyuta jinsi korona inavyoenea katika jamii ya kubuni, ndiyo programu ninayowapa wanafunzi wakitaka kuona jinsi chanjo na masharti ya korona yalivyovutana. Ni ya bure, iliundwa 2020 na Institute for Disease Modeling ya Marekani, na huendeshwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python. Mistari minne ya msimbo na grafu iko mbele yako, hata kwenye laptopu kuukuu kama yangu.

Kila mtu wa kubuni ndani yake ana umri wake na watu anaokutana nao nyumbani, shuleni, kazini na mtaani. Ukiandika Kenya, inaleta yenyewe umri na ukubwa wa kaya zetu. Hapo iliniteka, maana nchi yenye vijana wengi hivi haipigiwi hesabu za Italia.

Upande wa chanjo sina lawama. AstraZeneca, Pfizer, Johnson & Johnson, zote zimo, na kinga hupungua siku zinavyokwenda. Wachanje wazee kwanza, au chanja yeyote anayejitokeza, kisha linganisha vifo. Unaweza pia kubana dozi za kila siku, na hilo latuhusu: shehena yetu ya kwanza, Machi 2021, ilikuwa kama dozi milioni moja kwa taifa zima.

Tatizo ni kafyu. Programu huhesabu siku kwa siku, saa haizijui. Sasa kafyu ya saa nne usiku hadi saa kumi alfajiri utaiandikaje? Unakata asilimia fulani ya kukutana kwa watu mtaani, na asilimia yenyewe unaitoa kichwani. Nikikata kidogo, kuiondoa kafyu tarehe 20 Oktoba 2021, kama alivyofanya Uhuru Kenyatta, rais wa wakati huo, hakubadilishi kitu. Nikikata nyingi, wimbi linainuka. Yaani jibu nimelitia mwenyewe! Na wale abiria waliobanana matatuni wakiwahi nyumbani kabla ya saa nne, hawamo kabisa. Tabaka la matatu, yaani kundi jipya la wanaokutana humo, utaliongeza mwenyewe. Inakubali, ila si kazi ya anayeanza.

Tena usiamini grafu moja. Mambo mengi humo huamuliwa kwa nasibu, kwa hiyo tumia MultiSim, sehemu yake inayorudia jaribio mara nyingi, uone majibu yanavyotawanyika.

Kwa darasa, nyota nne. Kwa anayetaka kumshauri waziri baa zifunguliwe lini, mbili, mpaka alete takwimu za watu wanaokutana usiku.