Samaki sawa kabisa, lakini hilo daftari la mlangoni...

Hii hoteli ya samaki huku Dunga, Kisumu, kwa chakula sina neno, ngege analetwa mzima, amekaangwa mpaka mapezi yanavunjika mdomoni, na ugali hawabani. Shida ni daftari la mlangoni. Lilianza 2020 wakati wa korona, jina, namba ya simu, kitambulisho, ati mtu akipatikana na virusi mtafutwe, sawa, wakati huo nani angekataa. Saa hii bado liko, limeachwa wazi, ukiandika unasoma namba ya dada aliyeingia mbele yako, na siku hizi wananitumia meseji za ofa za wikendi, jamani! Sheria ya kulinda data iko tangu 2019, ukichukua data kwa kazi moja usiigeuzie nyingine bila ruhusa. Hata Singapore watu waliwaka Januari 2021 serikali ilipokubali kwamba polisi wanaweza kuchukua data ya TraceTogether, ile app yao ya kufuatilia nani alikaribiana na mgonjwa, na watu walikuwa wameambiwa ni ya korona tu, ikabidi bunge libane iwe kwa makosa mazito pekee. Sembuse ofa ya samaki? Nyota tatu, zote za jikoni. Mkienda andikeni jina moja tu, soja wa geti hata hasomi.