Maikrofoni ya video za biashara: kwa pwani yetu, ulizia manyoya kwanza

Mama mmoja anayekausha na kuuza ngisi pale Feri, Mtwara mjini, aliniomba nimtengenezee video fupi ya kuwaonesha wateja wake wa Masasi na Songea namna anavyoandaa bidhaa zake. Ilikuwa mwezi wa saba, kusi imekaza tangu alfajiri, nami nilikuwa na maikrofoni mpya isiyo na waya ambayo nilikuwa nimeinunua siku tatu kabla, kwa shilingi 45,000, katika duka moja la vifaa vya simu. Mama yule alizungumza kwa dakika ishirini bila kuandikiwa maneno na bila kurudia sentensi. Alieleza jinsi ya kumtambua ngisi aliyeanikwa akiwa bado mbichi na yule aliyeanikwa baada ya kuanza kuharibika, na jinsi wauzaji wengine wanavyozidisha chumvi ili kuongeza uzito. Nilipofika nyumbani Chuno na kuvaa hedifoni, sikusikia hata neno moja kwa ukamilifu. Picha ilikuwa safi, bahari inang'aa nyuma yake, lakini sauti yote ilikuwa mvumo mzito wa upepo, na ndani ya mvumo huo vipande vya maneno. Nilirudi kwake kumwomba arudie. Akaniambia, "Mwanangu, yale nilishayasema," na safari hii alizungumza kwa ufupi, kama mtu anayejibu dodoso. Maelezo yale ya ngisi hayakurudi tena.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwauliza watu wengine wanaojirekodi kwa ajili ya biashara, na malalamiko yao yanafanana. Mchonga vinyago vya mpingo wa Newala, ambaye karakana yake iko karibu na ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde, alinitumia video sita ambazo zote zimeharibiwa na upepo unaopanda kutoka bonde la Ruvuma. Dada mmoja wa Lindi anayeuza madera alikuwa akirekodi barazani kwake na kudhani kwamba simu yake ni mbovu, hata akaipeleka kwa fundi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa ameambiwa dukani kwamba maikrofoni ya kutumia nje inahitaji kifuniko cha upepo cha manyoya.

Kwa sababu hiyo, mwongozo huu haupangi maikrofoni kwa umbali zinaofika, wala kwa saa ambazo chaji inadumu, wala kwa idadi ya taa zinazowaka juu yake. Mambo hayo yameandikwa kwenye kila boksi, na yeyote anayejua kusoma tarakimu anaweza kuyalinganisha. Nimezipanga kwa swali moja ambalo boksi halilijibu: je, nikisimama ufukweni Shangani saa tisa alasiri, mtu atanielewa?

Swali hilo lina uzito wa pekee kwetu. Kusi huvuma takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, na kaskazi kuanzia Novemba hadi Machi. Kipindi cha maleleji katikati ya pepo hizo mbili ni kifupi, na hata wakati huo upepo wa baharini huingia kila mchana. Tena biashara zetu nyingi hufanyika nje: samaki Feri, mihogo na nazi kando ya barabara, korosho zinazoanikwa uani kabla ya kubanguliwa, vikapu na mikeka chini ya mwembe. Anayefundisha watu kutengeneza video akiwa ndani ya chumba chenye mapazia mazito hawezi kuliona tatizo hili, na ndiyo maana katika mafunzo mengi hutajwa kwa sentensi moja au halitajwi kabisa.

Ndani ya maikrofoni kuna utando mwembamba unaotikiswa na hewa, na mtikisiko huo ndio unaogeuzwa kuwa sauti. Maneno ya binadamu huutikisa kidogo tu. Upepo unapoupiga moja kwa moja huutikisa kwa nguvu kubwa zaidi, na matokeo yake ni ule mvumo wa chini unaofunika kila kitu. Sponji nyeusi ambayo huja na karibu kila maikrofoni hupunguza pumzi ya mdomo unapotamka herufi kama "p" na "b", na hiyo ndiyo kazi yake hasa. Feni ikiwashwa inaanza kushindwa, na mbele ya kusi haina msaada wowote wa maana. Kinachosaidia ni manyoya. Nyuzi zake ndefu huvunja nguvu ya upepo kabla haujafika, na kitambaa kilichozishika huacha tabaka la hewa tulivu kuzunguka maikrofoni, ilhali sauti ya mtu hupita. Maikrofoni ya kawaida yenye manyoya mazuri itaishinda maikrofoni ya gharama kubwa iliyo uchi, na nimelithibitisha hili mara nyingi pale kwenye kivuko cha kwenda Msangamkuu.

Wengi hujibu kwamba wataondoa kelele wakati wa kuhariri. CapCut, ambayo wengi wetu tunaitumia kwa sababu iko ndani ya simu na ni rahisi kujifunza, ina sehemu ya kupunguza kelele, na kwa mngurumo wa friji au jenereta la mbali inafanya kazi nzuri. Upepo ni jambo lingine. Unapokuwa mkali, maikrofoni hulemewa, na mawimbi ya sauti hukatwa vichwa wakati uleule wa kurekodi. Kilichokatwa hakimo tena kwenye faili, kwa hiyo hakuna programu itakayokirudisha. Hata pale ambapo haujafikia kiwango hicho, upepo na sauti ya mtu huingiliana, na programu ikiondoa kimoja huchukua na sehemu ya kingine. Mzungumzaji husikika kama anayeongea akiwa ndani ya pipa la maji.

Nikipanga sasa, nafasi ya kwanza naipa Rode Wireless GO II, na sifichi kwamba nina mapenzi na kampuni hii ya Sydney, Australia. Boksi lake lina vipande viwili vya kuvaa vyenye maikrofoni, kipokezi kimoja cha kuchomeka kwenye simu, na manyoya ya kila kipande, kwa maana kwamba waliouunda mfumo huu walifikiria kuwa mnunuzi atatoka nje. Kuna jambo la pili lililonifanya niipende: kila kipande cha kuvaa hujirekodia nakala yake chenyewe, zaidi ya saa 24 za sauti iliyobanwa. Simu ikizima, au mawasiliano kati ya kipande na kipokezi yakikatika kwa sababu mteja amegeuka na mwili wake umeziba njia, maneno yake bado yako kifuani kwake. Ningekuwa na kifaa hiki mwezi ule wa saba, yule mama asingelazimika kurudia kitu. Ulizia waya wa kuunganisha na simu yenye tundu la Taipu-C, unaoitwa SC16, kwa kuwa huuzwa peke yake, na muuzaji asipokuambia utafika nyumbani ukiwa na kifaa usichoweza kukichomeka.

Bei yake ni kubwa. Ilipotoka mwaka 2021 ilitangazwa kwa dola 299 za Marekani, na kwa mtu anayeuza korosho za kukaanga kwa pakiti hizo ni fedha za mtaji. Ushauri wangu ni kwamba wafanyabiashara wa kikundi kimoja cha VICOBA wainunue kwa pamoja na kupeana zamu, kwa sababu hakuna kati yetu anayerekodi kila siku. Anayetaka kumiliki peke yake na anayemrekodi mtu mmoja tu kwa wakati mmoja aitazame Rode Wireless ME, iliyotoka mwaka 2022 kwa dola 149. Nayo ina manyoya yake, na kipokezi chake kina maikrofoni ndani, kwa hiyo anayeshika simu anaweza kuuliza maswali na akasikika. Ile nakala ya ndani haimo.

Nafasi ya pili ni ya DJI Mic Mini, ya kampuni ya Shenzhen inayojulikana zaidi kwa droni. Kipande chake kina uzito wa gramu 10 tu, na hilo lina maana kwa wateja wangu wanaovaa mtandio au dera la kitambaa chepesi, kwa kuwa kipande kizito huvuta nguo chini na mzungumzaji hushughulika na kuirekebisha badala ya kuzungumza. Manyoya yamo ndani ya boksi. Hata hivyo haijirekodii yenyewe, na kwangu hiyo ndiyo sababu ya kuiweka chini ya Rode.

Kwa wale ambao video zao zinahusu kazi ya mikono, kama mchongaji yule wa Newala au fundi cherehani, naweka Rode VideoMicro katika nafasi ya tatu. Hii ina waya, hukaa juu ya simu au kamera, haina betri ya kuchaji, na huja na manyoya yanayoifunika yote. Hupokea zaidi sauti ya mbele yake, kwa hiyo utasikia tezo ikiuma mti pamoja na maneno ya mchongaji mwenyewe. Sharti lake ni kuwa karibu. Ukirudi nyuma mita tatu inabaki kusikia mtaa.

Ya nne ni Boya BY-M1, yenye waya wa mita 6 na kibanio cha kubana kifuani. Ni ya bei nafuu na ya kutegemewa, lakini hutoka na sponji peke yake, kwa hiyo hesabu bei ya manyoya juu yake. Mimi nilichukua mdoli wa mitumba mwenye manyoya marefu, nikampelekea fundi cherehani akanishonea kifuniko cha ukubwa wa kidole gumba, na kinafanya kazi. Kabla ya kushona, puliza kwa mdomo upande wa nyuma wa kitambaa: pumzi ikipita kitafaa, isipopita kitaiziba sauti yako pia.

Zile za bei ya chini zisizo na waya, zinazouzwa kwa majina ya K8, K9 na mengine ya aina hiyo, zinafaa kwa anayerekodi ndani ya chumba. Moja ya hizo ndiyo niliyoipeleka Feri.

Kinachoniuma zaidi kuliko shilingi zangu 45,000 ni namna tunavyouziwa. Nilipomwambia muuzaji kwamba nitarekodi ufukweni, alinijibu, "Dada, hii ndiyo inayotoka sana," kana kwamba kutoka sana dukani ni ushahidi wa kufaa kazini. Niliporudi na kumsikilizisha mvumo ule, akanionesha karatasi iliyobandikwa ukutani isemayo kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Risiti hakuwa amenipa, nami sikuwa nimeidai, na hapo nilikosea, kwa kuwa kila mwaka tunakumbushwa kwamba anayeuza atoe risiti na anayenunua aidai. Baadaye niligundua jambo baya zaidi katika duka lingine: boksi la maikrofoni nzuri lilikuwa limefunguliwa, manyoya yametolewa, na yananing'inia peke yake kwenye msumari yakiuzwa kwa bei yake. Mnunuzi anauziwa mara ya pili kitu ambacho kiwanda kilikwisha kumpa. Tendo hilo linamwumiza mtu mdogo kuliko wote, yule aliyejinyima miezi mitatu ili biashara yake isikike.

Na bei zetu za kusini zimepandishwa tayari. Tuna bandari ya asili yenye kina kirefu, lakini maikrofoni nyingi zinazouzwa hapa zimepitia Kariakoo na kusafiri kwa basi zaidi ya kilomita 500, na kila mkono uliozigusa njiani umeongeza chake. Ningeyavumilia hayo kama ongezeko lile lingekuja na muuzaji anayekijua kifaa anachokiuza.

Ukinunua dukani Mtwara au Lindi, omba kifaa kijaribiwe chini ya pangaboi. Maduka mengi yanalo kwa sababu ya joto, nalo ni upepo wa bure. Liwashwe kwa kasi ya mwisho, simama chini yake, jirekodi ukihesabu hadi ishirini mara moja kwa sponji na mara moja kwa manyoya, kisha sikiliza kwa hedifoni zako mwenyewe. Spika ya simu huficha mvumo wa chini. Muuzaji akikataa kuwasha pangaboi, nenda duka la pili. Kwa Rode na Boya, ambazo bandia zake ni nyingi, soma namba ya kifaa kwenye boksi na uilinganishe na iliyo kwenye kifaa chenyewe kabla ya kulipa.

Ukiagiza kutoka Dar es Salaam, mwombe muuzaji akurekodie video akifungua boksi, ahesabu kila kilichomo huku ukiyaona manyoya, kisha alifunge mbele ya kamera hiyohiyo na kuandika jina lako juu yake. Mzigo ukifika ofisi ya basi, ufungue palepale kaunta, kabla hujasaini daftari la mapokezi.