Madaktari wako vizuri, ila ugonjwa wako ataujua hadi mlinzi wa getini

Nyota mbili. Na zote mbili ni za daktari na maabara, mapokezi wangekuwa wanapewa za kwao peke yao ningewapa sifuri. Jina la kliniki sitaji, ni kliniki binafsi hapa Dar, ya ghorofa, ina AC, wanapokea bima na keshi.

Nianze na mazuri asije mtu akasema nina chuki. Daktari anasikiliza, anakuangalia usoni, hakuandikii dawa kabla hujamaliza sentensi. Maabara wakisema majibu kesho saa nne ni kesho saa nne kweli. Vyoo visafi, maji yanatoka, sabuni ipo, na hilo sio dogo. Mi nilienda kupima homa ya ini B kabla ya kuanza chanjo, maana mtu mzima wanakupima kwanza, ukionekana huna ndo unaanza dozi zako tatu, ya kwanza siku hiyo, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita. Kitu cha kawaida kabisa, watu wanachanja kila siku. Sasa sikia kitu cha kawaida kilivyogeuka kikao cha ukoo.

Pale mapokezi kuna kioo kikubwa chenye kitundu kidogo chini ambacho ndo unaongelea. Dada wa ndani hakusikii na wewe humsikii, kwa hiyo wote mnapaza sauti. "Dada unasumbuliwa na nini?" Nikainama nikasema nimekuja kupima. "Kupima nini?" Benchi zima nyuma yangu kimya, hata waliokuwa wanaangalia video wameshusha simu. Nikamwambia homa ya ini. "Eeh? Ya nini?" INI dada, homa ya INI. Basi, tangazo limeshasomwa. Kuna baba alikuwa amekaa karibu na begi langu akasogea kidogo, sijui alidhani inaambukiza kwa kukaa benchi moja.

Halafu kuna daftari. Kompyuta wanazo nzuri tu lakini daftari bado lipo kaunta, wanasema ni kwa ajili ya sistimu ikizingua, na unajaza mwenyewe: jina, umri, namba ya simu, unapokaa, na safu ya mwisho imeandikwa TATIZO. Limefunguliwa wazi, kalamu imefungwa kwa uzi, ukijaza la kwako umeshasoma ya wote waliokutangulia asubuhi ile. Mi sio mbea ila kusoma najua, na nikaona jina la mtu ninayemfahamu. Alichoandika sitasema, na hapo ndo tofauti yangu mimi na lile daftari.

Maabara nako kijana anatoka mlangoni na vikopo mkononi, "wa mkojo nani, wa choo kubwa nani", akarudi tena, "wa kipimo cha ujauzito yuko wapi?" Binti mmoja akanyanyuka ameinamisha kichwa, mama aliyekuwa pembeni yake, ambaye sidhani hata wanajuana, akaguna ile mguno ya "mmmh". Jamani si muwape watu namba tu. Benki wanatoa namba, hapa mnashindwa nini.

Haya yote ningeyasamehe, tumeshazoea, ila walichofanya kwenye majibu ndo kimeniondolea nyota tatu kwa mpigo.

Kwenye fomu kuna sehemu ya ndugu wa karibu, nikaweka namba ya kaka yangu kama mtu mwingine yeyote angefanya. Siku ya majibu simu yangu ilikuwa imezima chaji. Badala ya kusubiri au kutuma meseji wakampigia kaka, na kaka alikuwa ameacha simu nyumbani, kwa hiyo aliyepokea ni wifi. "Wewe ni ndugu yake na fulani? Majibu yake ya homa ya ini yametoka, mwambie aje amuone daktari." Wakakata. Hawakusema nina au sina, wamesema tu AJE AMUONE DAKTARI, na wewe unajua maneno hayo kwenye masikio ya wifi yanatafsiriwa vipi. Nilipowasha simu jioni nakuta mama kapiga mara hazihesabiki kutoka Tanga, analia, shangazi keshatuma namba ya mtu wa mitishamba anayetibu ini, na binamu mmoja ananiuliza taratibu kama siku hizi nakunywa.

Majibu yenyewe? Sina. Niko safi, nilitakiwa kumuona daktari ili nianze chanjo.

Sasa najua kuna mtu atasema si uko mzima, kelele za nini. Kelele ni hizi: kwamba nilienda kupima ni habari yangu, hata kabla ya majibu. Homa ya ini B inaambukizwa kwa damu, kwa ngono, na mama kwenda kwa mtoto, kwa hiyo ukisikika umepima tu watu wanaanza kukupigia hesabu za maisha yako. Na ingekuwa ni VVU je? Kule kuna sheria yake kabisa tangu 2008, Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi, majibu ni siri, anapewa aliyepimwa, ukiacha hali chache zilizotajwa mle mle ndani. Wifi hayumo. Na sehemu ya ndugu wa karibu imewekwa kwa ajili ya siku umezimia huwezi kujisemea, sio sanduku la posta la majibu yako.

Nikarudi kuuliza. Dada wa mapokezi, na hapa namtetea kidogo, alisema "dada sisi tulitaka kukusaidia, wengine tukichelewa kuwatafuta wanakuja kutufokea". Namuelewa, hakuwa na nia mbaya, hakuna aliyemfundisha tu. Meneja ndo alinichosha. Kaniingiza ofisini, kafunga mlango (mlango wa kwanza kufungwa tangu nianze kwenda pale), kanieleza kwamba taarifa za wagonjwa ziko salama, kompyuta zina nywila, kamera zipo kila kona, na hiyo sheria mpya ya data ni ya makampuni ya simu na mabenki.

Sio kweli hata kidogo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inagusa taasisi za umma na za binafsi, na taarifa za afya zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti, yaani zile zinazobanwa kuliko nyingine, ambazo kwa kawaida zinataka ridhaa yako ya maandishi kabla mtu hajazichezea. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo, Rais Samia aliizindua Aprili 2024, na malalamiko ya mwananchi wanapokea. Na hata kabla ya yote hayo faragha ipo kwenye Katiba ibara ya 16. Nilimwambia yote haya kwa upole, akaanza kuandika kwenye kikaratasi. Nywila ya kompyuta sina shida nayo, mi sijaibiwa na mdukuzi, siri yangu imetokea kwenye kitundu cha kioo na kwenye simu ya mezani ya maabara.

Tuwe wakweli pia, sio kwamba hakuna mtu anayeruhusiwa kujua. Bima lazima waone umetibiwa nini ndo walipe. Kukiwa na mlipuko wa ugonjwa kama kipindupindu serikali lazima ipewe taarifa. Nesi anayekuhudumia lazima asome faili, atakuchomaje bila kusoma. Hao wana sababu. Benchi la kusubiria halina sababu.

Kingine, wiki iliyofuata nikapata meseji, "Mpendwa mteja, je INI lako liko salama? Njoo upate punguzo la vipimo". Nilicheka mwenyewe kwenye daladala. Wamechukua namba niliyowapa kwa ajili ya matibabu wakaitia kwenye matangazo, na kibaya zaidi wamechagua tangazo kulingana na nilichopima! Kukataa matangazo ya namna hii nayo ni haki iliyomo kwenye ile sheria, nikawaandikia wanitoe, nashukuru wamenitoa. Na kwenye ukurasa wao wa Instagram kuna picha za siku ya kupima bure, wazee wamekunja mikono ya shati wanapimwa presha, sura zote zinaonekana. Sijui kama waliwauliza. Wenzetu Nairobi, mwaka 2023 kamishna wao wa data aliitoza klabu moja ya starehe shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuposti picha ya mteja bila ridhaa yake. Hiyo ni picha ya mtu anakula bata, sio ya mtu yuko kwa daktari.

Daktari kama nilivyosema ni mtu mwingine kabisa. Niliingia nikakuta wanafunzi wawili wa mafunzo kwa vitendo, na kabla sijakaa akaniuliza, "hawa wanajifunza, wabaki au watoke?" Nikasema watoke, wakatoka, hakuna nongwa, hakuna sura ya kununa. Alishusha sauti, alifunga mlango, mgonjwa aliyechungulia akaambiwa asubiri nje. Kwa hiyo inawezekana, ndani ya jengo lile lile, na haijagharimu hata senti.

Niliomba pia nakala ya faili langu. Jibu la kwanza: faili ni mali ya hospitali. Sawa, karatasi ni zenu, yaliyoandikwa ndani yananihusu mimi na nina haki ya kuyaona na yakiwa na kosa nidai yasahihishwe. Wakataka barua, nikaandika hapo hapo kwa mkono, nikalipia fotokopi, nikapewa. Namba ya kaka nimeifutisha. Na juu ya fomu nikaandika kwa kalamu nyekundu MAJIBU NIPEWE MIMI TU, dada akasoma, akapiga muhuri juu yake bila neno, kwa hiyo mkienda na nyie andikeni, wanakubali. Pale kitunduni ukiulizwa tatizo jibu "nitamwambia daktari" tu, atarudia kuuliza, na wewe rudia hilo hilo, mwisho anachoka anaandika "kumuona daktari" na maisha yanaendelea. Dirisha la dawa usimwache akusomee matumizi kwa sauti, mwambie akuandikie kwenye bahasha ya dawa.

Dozi ya pili nimechomea pale pale kwa ajili ya yule daktari. Kitundu kipo vile vile. Daftarini safu ya TATIZO wameichora mstari, kurasa za nyuma bado unaweza kufunua. Wakiweka namba za foleni na pazia la kuongelea mapokezi narudi kuongeza nyota, nasema kweli.

Bima ninayotumia wanaipokea bila usumbufu, ila vipimo vingine unaongeza hela mfukoni, ulizeni kabla. Ukienda na gari nenda mapema, parking ni ndogo na ikifika saa tatu imejaa.