Kuhamisha gia ya usukani kwenda sakafuni: seti niliyoifunga kwenye Chevrolet C10 ya 1969

Hukumu yangu naitoa mapema. Mtambo wenyewe ni mzuri kuliko nilivyotarajia, kava la mpira lililokuja nao ni hafifu, na karatasi ya maelekezo imeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari anaijua kazi. Ni seti ya kuhamisha gia: unaondoa mkono wa gia ulioko kwenye usukani, unafunga fimbo inayotokea sakafuni, na giaboksi inabaki ileile. Nimeifunga mwenyewe nyumbani kwenye pikapu yangu, Chevrolet C10 ya 1969 yenye injini ya silinda sita za mstari mmoja na giaboksi ya gia tatu. Kampuni siitaji. Seti hizi zinafanana sana kimuundo, na nitakayoyasema yatamfaa hata aliyenunua ya mtengenezaji mwingine.

Sababu ya kwanza ilikuwa bega langu la kulia, ambalo halina tena uzima wa zamani. Kwenye gia ya usukani, namba mbili iko mbele na juu, upande wa dashibodi. Kwenye vilima na foleni unaupandisha mkono huko tena na tena, ukiwa hewani, hauna pa kuegemea. Fimbo ya sakafuni inauacha mkono ushuke kwa uzito wake. Mwenye bega zima anaweza asilione hilo kuwa jambo kubwa. Kwangu mimi lilikuwa suala la kuendelea kuliendesha gari langu au kuliangalia limeegeshwa.

Sababu ya pili wanaijua wote wenye magari haya: gia kukwama. Chini ya nguzo ya usukani kuna vikono viwili, kimoja cha namba moja na rivasi, kingine cha namba mbili na tatu, na kila kimoja kina rodi yake inayoshuka hadi ubavuni mwa giaboksi. Ndani ya nguzo kuna ulimi unaochagua ushike kikono kipi, na unaweza kuhama tu pale vikono vyote viwili vikiwa fri (bila gia yoyote), vimelingana. Bushi za rodi, yaani vile vipete vya kwenye maungio yake, zikishalika, kikono hakirudi sawasawa mahali pake, ulimi unavidaka vyote viwili nusunusu, na gari linakataa kila gia. Dawa ya barabarani ni kuzima injini, kufungua boneti na kuvilinganisha vile vikono kwa mkono mpaka ulimi uachie. Inafanya kazi kila mara, lakini hakuna anayependa kuifanya katikati ya makutano huku lori la nyuma likipiga honi.

Kama tatizo lako ni kukwama tu na bega lako ni zima, usikimbilie seti hii. Badilisha bushi zote za rodi, safisha grisi kuukuu iliyogeuka gundi chini ya nguzo, kisha rekebisha urefu wa rodi. Gia ya usukani iliyopangwa vizuri ni laini ajabu, na inawaachia watu watatu nafasi ya miguu kwenye kile kiti kirefu cha benchi. Ukiishusha sakafuni, abiria wa katikati atakaa na fimbo kati ya magoti. Nyumbani kwetu tulilijadili hilo kabla sijanunua, kwa sababu anayekaa hapo katikati ana haki ya kuulizwa.

Boksi lilipofika, kitu cha kwanza nilichokipima ni mchezo, yaani ulegevu wa fimbo. Niliufunga mtambo kwenye jiliwa nikaitikisa fimbo kulia na kushoto. Haikulegea hata kidogo. Visahani vya ndani vinateleza bila kukwaruza, na springi inaivuta fimbo kuelekea upande wa namba mbili na tatu, jambo linalosaidia sana barabarani. Rodi ni za chuma kinene, zenye nyuzi ndefu za kurekebishia. Kumekuja pia breketi, bushi za nailoni, klipu za springi, na kipini chembamba cha inchi 1/4 ambacho ukikiona utadhani ni takataka za kiwandani. Usikitupe. Bila kipini hicho huwezi kuipanga seti.

Breketi inafungwa kwenye bolti za mkia wa giaboksi, wala haigusi sakafu ya kabini. Hili kwangu ndilo lililoamua ninunue ipi. Injini na giaboksi vinayumba juu ya raba zake kila unapokanyaga mafuta. Mtambo uliofungwa kwenye sakafu unabaki umetulia wakati giaboksi inaondoka, kwa hiyo rodi zinavutwa na gia inaweza kuchomoka au kukataa kuingia. Uliofungwa kwenye giaboksi unayumba pamoja nayo na vipimo havibadiliki. Ukiona seti inayokutaka utoboe sakafu na kuufunga mtambo hapohapo kwenye bati, iache.

Sasa tundu. Kwenye C10 za 1967 hadi 1972, tangi la petroli liko ndani ya kabini, nyuma ya kiti. Narudia kwa sababu karatasi ya maelekezo haikusema lolote: petroli iko nyuma ya mgongo wako wakati unakata bati. Grenda inayorusha cheche haina nafasi humo. Nilitoa waya wa betri, nikatoa kiti, nikalitoa tangi kabisa na kulipeleka mbali, nikaacha milango wazi hadi harufu ikaisha. Kisha nilitoboa kitundu cha alama kwa drili kutokea chini, mahali fimbo ilipogusa bati, na kupanua kwa mkasi wa bati kidogokidogo. Tundu lazima litoshe kwa nafasi zote nne za gia, na libakishe nafasi ya ziada kwa ule muyumbo wa injini. Kingo zake nilizipiga tupa na kuzipaka rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo, maana bati lililokatwa likiachwa tupu kutu haichelewi.

Rodi ndizo zinazoamua kama utaipenda seti au utaichukia, kwa hiyo nizieleze taratibu. Kwanza viweke fri vikono viwili vya giaboksi. Kisukume kila kimoja mbele na nyuma hadi ukihisi kikidondokea katikati. Ukiwa chini ya gari na mkono mtupu unakisikia vizuri kuliko kwa spana. Halafu pitisha kile kipini cha inchi 1/4 kwenye matundu ya mtambo. Kikipita moja kwa moja, mtambo uko fri na umefungwa hapo. Baada ya hapo unaizungusha ncha ya kila rodi, kuirefusha au kuifupisha, hadi iingie kwenye tundu la kikono yenyewe. Usiivute wala usiigonge. Ukihitaji nguvu hata kidogo, bado urefu si wenyewe, na kosa hilo dogo utalilipa kila siku kwa gia inayoingia kwa kusita.

Binti yangu alikaa kabinini, mimi chini. Nilipochomoa kipini nikamwambia, “Haya mwanangu, ingiza namba moja.”

“Imeingia, Baba.”

“Rudisha fri. Sasa rivasi.”

“Imeingia, lakini kuna kitu kimegusa.”

Alisikia vyema. Rodi ya namba moja na rivasi ilikuwa ikipapasa kebo ya breki ya kuegeshea. Mimi chini sikuiona kwa sababu inagusana mwisho kabisa wa mwendo. Niliisogeza klipu ya kebo pembeni, ikaisha. Msaidizi wa juu ni wa lazima kwenye kazi hii, na awe mtu anayesema anachokihisi.

Kisha kuna bolti mbili za kuzuia, moja mbele ya mtambo na moja nyuma, na hapa karatasi ilitumia mstari mmoja tu. Fimbo ndefu ya sakafuni inaupa mkono wako nguvu nyingi kuliko ile ya usukani. Ukiibamiza bila kizuizi, nguvu yote inaishia kwenye uma wa ndani ya giaboksi na kwenye ringi za sinkromeshi, zile zinazolinganisha kasi ili gia iingie bila kukwaruza. Namna ya kuzipanga ni hii: zilegeze bolti zote karibu zitoke, ingiza gia ya kurudisha fimbo nyuma, ishikilie kwa nguvu ya kawaida, kaza bolti ya upande huo mpaka iguse. Achia fimbo, irudishe bolti mzunguko mmoja, kaza nati yake ya kufungia. Fanya vivyo hivyo kwa gia ya mbele. Kazi ndogo, lakini giaboksi ya umri huu inastahili ulinzi huo, na vipuri vya ndani si vya kuokota.

Nililijaribu gari likiwa limeinuliwa kwenye stendi imara, kwanza injini ikiwa imezimwa, kisha ikiwa inaunguruma na magurudumu ya nyuma yakizunguka. Hapo ndipo nilipoingia barabarani.

Barabarani ni gari jingine. Mwendo wa fimbo ni mfupi na una kituo: ukifika namba mbili unajua umefika. Kutoka mbili kwenda tatu ni kuvuta moja kwa moja nyuma, na bega langu halishiriki kabisa. Kutoka moja kwenda mbili inabidi kuvuka katikati, na hapo napenda kuipa fimbo nafasi, kuiacha springi iivute, halafu ndiyo nisukume. Ukienda na mdundo wake inateleza kama shanga kwenye uzi. Kukwama hakupo tena, maana ulimi ule wa kwenye nguzo haupo tena kazini.

Nisidanganye watu lakini: seti haiponyi giaboksi. Kama gia zako zinakwaruza, zitaendelea kukwaruza, ila kwa fimbo nzuri zaidi. Kabla ya kununua, kanyaga klachi hadi mwisho gari likiwa limesimama, hesabu sekunde kadhaa, kisha ingiza rivasi, ambayo haina sinkromeshi. Ikikwaruza baada ya kusubiri hivyo, klachi haiachii vizuri, anza nayo. Na kwa kuwa utakuwa umelala chini ya giaboksi, badilisha oili yake. Mimi huweka 80W-90 ya daraja la GL-4, kwa sababu baadhi ya oili za GL-5 zina viambato vinavyoweza kuzila ringi za shaba.

Kasoro sasa. Fimbo iliyokuja na seti ilikuwa imenyooka mno kwa kiti cha benchi. Namba moja na namba tatu zote ni za kuvuta nyuma, na kiti kikisogezwa mbele kwa dereva mfupi, kirungu kinagonga ukingo wa kiti kabla gia haijaingia vizuri. Hilo ni hatari, kwa sababu gia iliyoingia nusu huchomoka. Nilinunua fimbo nyingine iliyopinda kuelekea dashibodi, na kwa bahati inashikwa na bolti mbili tu, kwa hiyo kuibadilisha ni jambo la dakika chache. Lakini seti inayouzwa kwa jina la pikapu ingekuja na fimbo hiyo tangu mwanzo. Kabla hujafunga kiti, pima ukiwa umekisogeza mbele kabisa.

Kava la mpira lilianza kupasuka kwenye mikunjo mapema mno. Si suala la urembo. Kupitia tundu hilo huingia joto, kelele na vumbi, na ekzosi ikivuja huingia pia moshi wenye kaboni monoksaidi. Nimeweka kava mbili, moja nene ya mpira iliyobanwa kwa sahani ya chuma na gundi ya silikoni kuzunguka, na nyingine ya ngozi juu yake. Kabini sasa imetulia zaidi hata ya zamani.

Taa za rivasi nazo zilizimika, kwa sababu swichi yake kwenye gari langu ilikuwa ikibonyezwa na mfumo wa usukani. Nilifunga swichi nyingine kwenye breketi, inayoguswa na kikono cha rivasi. Kwenye nguzo yenyewe, ukishaondoa rodi, ile shingo iliyokuwa ikishika mkono wa gia inabaki ikizunguka na kupiga kelele. Niliizuia kwa skrubu moja ndogo isiyoonekana. Bahati njema, swichi ya ufunguo kwenye C10 za miaka hii iko kwenye dashibodi, kwa hiyo nguzo haina kufuli la usukani la kuhangaika nalo. Vipuri vyote vya zamani nimevifunga kwenye mfuko na kuviandika majina, ili atakayelimiliki gari hili baadaye aweze kulirudisha lilivyotoka kiwandani akitaka.

Jambo la mwisho ni bushi. Za nailoni zilizokuja na seti ni tulivu, hazileti mtetemo mkononi, ila huchakaa. Za chuma hudumu zaidi, lakini mngurumo wa giaboksi utausikia kiganjani safari nzima. Nimebaki na za nailoni, na seti ya akiba iko kwenye kisanduku cha dashibodi pamoja na klipu zake, kwa sababu klipu moja ikidondoka njiani rodi inaning’inia na unabakiwa na nusu ya gia zako. Baada ya safari ndefu ya kwanza ingia chini uzikague nati za rodi. Kwenye gari langu moja ilikuwa imeanza kulegea, na mzunguko mmoja wa spana ulitosha.