Karakana ya Kadutu: mshale unapimwa pamoja na mwenye upinde

Kama unatafuta mishale ya kulipia na kuondoka nayo papo hapo, karakana hii iliyo jirani na soko la Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, haitakufaa. Fundi ni seremala wa viti na vitanda, na mishale anaitengeneza kwa oda tu. Huwezi kumtuma mtoto, wala kumpigia simu na kumtajia urefu. Unafika mwenyewe, na upinde wako mkononi. Mimi nasema ndivyo inavyotakiwa, na Bukavu sijaona mwingine anayefanya hivyo.

“Mama Mwalimu, vuta vile unavyovutaga siku zote,” aliniambia, akachora alama kwenye ufito pale ulipopita mti wa upinde. Sentimita 66. Kisha akautundika upinde kwenye mizani ya ndoano, ile ya wauza nyama, akavuta mpaka alama ileile: kilo 16, yaani karibu paundi 35. Pinde za ng’ambo huandikwa nguvu zake kwa mvuto wa inchi 28, sentimita 71, na sisi wa mikono mifupi hatufiki huko. Angeiamini namba iliyoandikwa kwenye upinde wangu, angenitengenezea mishale ya mtu mwingine.

Nafundisha fizikia, kwa hiyo mnivumilie kidogo hapa. Kwenye upinde wa jadi mshale unakaa ubavuni mwa mti, huku kamba ikiusukuma kuelekea katikati. Mshale usiopinda kabisa ungetupwa pembeni. Mshale unaofaa hujipinda unapoachiwa, ukauzunguka mti bila kuugonga, ukapinda tena upande wa pili, ukaenda hivyo ukitikisika mpaka utulie hewani. Mmarekani Clarence Hickman aliuonyesha mwendo huo kwa picha za kasi kubwa katika miaka ya 1930. Ukiwa mgumu mno haujipindi vya kutosha. Ukiwa laini mno unajipinda kupita kiasi. Kwa hiyo ugumu wa mwanzi unaotengenezewa mshale lazima ulingane na nguvu ya upinde, na hapo ndipo fundi huyu anapostahili pesa yake.

Ana ubao wenye misumari miwili iliyoachana sentimita 66. Analaza mwanzi juu yake, anatundika katikati chupa ya maji yenye uzito wa gramu 900 hivi, halafu anasoma kwenye rula umeshuka kiasi gani. Watengenezaji wa mishale ya mbao huko Uingereza na Marekani wana kipimo hichohicho: paundi 2 katikati ya inchi 26. Gawanya 26 kwa inchi ambazo mwanzi umeshuka, unapata paundi za upinde unaoufaa. Kwa wangu hesabu inatoa milimita 19. Mianzi mizuri kabisa, iliyonyooka, ilikataliwa mbele yangu kwa sababu ilishuka 13 au 14 tu. Iliyobaki aliikunja mmoja mmoja karibu na sikio akisikiliza kama kuna ufa. Hapo sitaki mtu aharakishe, maana mwanzi wenye ufa unaweza kuvunjika kamba inapoachiwa na kuchoma mkono ulioshika upinde.

Jaribio linafanyika nyuma ya karakana, mbele ya magunia yaliyoshindiliwa matambara. Unapiga mishale yenye manyoya, kisha mmoja usio nayo. Manyoya hunyoosha mwendo na kuficha kasoro. Mtupu hauna cha kuificha. Kwa anayevuta kamba kwa mkono wa kulia, mtupu ukichoma kushoto kwa wenzake ni mgumu mno, ukichoma kulia ni laini mno. Wangu ulichoma kushoto. Angeweza kuweka ncha nzito zaidi, lakini alichukua kipande cha kioo akaukwangua kati ya pingili, taratibu, tukarudia kupiga, akakwangua tena, mpaka mtupu ukaingia katikati ya wenzake. Ungekuwa laini angeufupisha, maana mwanzi mfupi hupinda kwa shida.

Manyoya ni ya batamzinga, matatu kwa kila mshale, yote ya bawa la upande mmoja. Niliyakagua. Ukichanganya ya kushoto na ya kulia, moja linauzungusha mshale huku na jingine kule. Plastiki haweki, na asikushawishi mtu: unyoya hulala unapougusa mti wa upinde, plastiki hugonga na kuutupa mshale nje ya njia.

Kilichonichukiza ni umaliziaji. Vanishi ilikuwa nyembamba, na kwa mvua zetu za kuanzia Septemba mpaka Mei, manyoya mawili yalianza kubanduka upande wa mbele. Nilimrudishia. Aliyafunga upya kwa uzi, akapaka vanishi mara ya pili, hakudai kitu. Ilipaswa kufanywa hivyo tangu mwanzo, hasa kwa dola 4 kila mshale.

Nenda asubuhi, mchana anakuwa na kazi za viti. Chukua kamba ileile unayopigia, si ya akiba: kamba nzito hupunguza kasi ya upinde, na mshale uliolingana nayo hautalingana na nyepesi. Na umwambie mapema kuhusu vanishi.