Miezi mitatu ya kujifunza kubuni kwenye kinanda: uzoefu wangu, Malindi

Kwa miaka sita nimekuwa mpiga kinanda wa kwaya ya kanisa letu hapa Malindi, na kila Krismasi nilipiga nyimbo zilezile kama zilivyoandikwa kwenye karatasi ya solfa (noti za do, re, mi), bila kuthubutu kuongeza hata noti moja. Mwezi wa Septemba nililipia masomo ya miezi mitatu kwa njia ya intaneti, yanayofundisha kubuni papo hapo na kupanga upya nyimbo za sikukuu.

Kilichonifaa zaidi ni kwamba mwalimu huanza kwa kumbana mwanafunzi. Wiki mbili nzima tulishughulika na "Usiku Mtakatifu" peke yake, wimbo ulioimbwa kwa mara ya kwanza Oberndorf, Austria, tarehe 24 Desemba 1818, ukisindikizwa na gitaa, na ambao hadi leo hutosheka na akodi tatu (akodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja): ya do, ya fa na ya so. Mkono wa kulia ulikatazwa kuiacha sauti ya kwanza. Kazi yote ilikuwa ya mkono wa kushoto. Pale mwanzo, so, la, so, mi, ambapo kwa kawaida besi, yaani sauti ya chini kabisa, hutulia kwenye do, nilielekezwa kuishusha hatua kwa hatua: do, ti, la, so. Nilipofika kwenye la, wimbo niliokua nao tangu utotoni uliingia simanzi ambayo sikujua kuwa imo. Nililirudia zoezi hilo hadi majirani wakalala. Mapambo ya sauti ya kwanza yalifuata baadaye, nayo yalinijia kwa wepesi kwa sababu mkono wa kushoto ulikwisha kujua njia.

Somo la midundo ndilo lililonipa taabu. Mifano yote ni ya jazi ya Marekani, na kwaya yangu ilishindwa kuimba juu yake. Wimbo wenyewe, hata hivyo, huhesabika kwa mapigo sita, na sikio la mtu wa Pwani limeyazoea mapigo sita kutokana na chakacha, ngoma ya harusini. Basi nikaujaribu mdundo huo mazoezini. Mama mmoja wa sauti ya pili akaniambia, "Mwalimu, hapo umeshatupeleka harusini." Alisema kweli. Niliupunguza kasi, nikabakiza mapigo mawili mazito ya besi, nikautumia kwenye utangulizi tu, kabla waimbaji hawajaingia, na hapo wote wakaridhika.

Kasoro nyingine ni mbili. Video ni nzito na haziwezi kuhifadhiwa kwenye simu, kwa hiyo kila marudio hula bando upya. Pia mwalimu hupigia piano ya vibao 88, ilhali kinanda changu kina 61, na mara kadhaa besi aliyoionyesha haikuwapo kwangu. Nililazimika kuipandisha oktavu moja, yaani hadi noti ya jina lilelile iliyo juu yake, na sauti ikasongamana katikati.

Asiyeweza bado kupata akodi za do, fa na so bila kutazama karatasi asubiri kwanza, maana hakuna somo linalorudi nyuma kumfundisha. Kwa anayepigia kwaya tayari, ninayapendekeza masomo haya kwa moyo wote. Mimi nimeshalipia awamu ya pili, nayo itaanza na nyimbo za Pasaka.